Kitabu kinene cha sauti hakisomwi kama hadithi

Kijana mmoja anayesomea chuo hapa Nairobi ameniandikia barua ambayo nimeisoma mara tatu. Anasema tangu Januari amekuwa aking'ang'ana na kitabu kikubwa cha Kiingereza kuhusu ufundi wa mitambo ya sauti. Kina kurasa zaidi ya 1,500, naye amefika ukurasa wa 63. Kila usiku hukaa nacho saa nzima, na asubuhi akiamka hakumbuki alichosoma. Wenzake chumbani wanamcheka. Babake, aliyempa pesa akidhani ni za kitabu cha darasani, hana habari. "Je, kuna mtu aliyewahi kuwa fundi wa sauti kwa kusoma vitabu," anauliza, "ama nikiuze nimrudishie mzee pesa zake?" Mwishoni, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu, ameongeza kwamba spika zake mbili za chumbani huvuma kila anapoziunganisha na laptopu, na hajui ni kwa nini.

Nitamjibu, na huo mvumo nitaurudia. Lakini kwanza sina budi kukiri kosa, maana jambo hili liliwahi kuingia katika aila yetu na mimi ndiye niliyelivuruga.

Dada yangu ana mvulana ambaye alipomaliza kidato cha nne karo ya chuo haikupatikana. Akaanza kumsaidia mzee mmoja mtaani kwao, huko Eastlands, anayekodisha spika na maikrofoni kwa harusi, mazishi na mikutano ya hadhara. Kazi yake ilikuwa kubeba masanduku na kukunja nyaya. Nilipoona anaipenda kazi ile, nilikwenda kwa wauza vitabu vikuukuu wanaopanga bidhaa zao kando ya barabara, nikamnunulia Handbook for Sound Engineers, toleo la mwaka 1987, kilichohaririwa na Glen Ballou. Ni kizito kama tofali. Nilijiona mjomba wa maana sana siku hiyo. Nikampa pamoja na sharti: kila Jumapili baada ya chakula cha mchana aje aniambie amesoma kurasa ngapi.

Wiki ya kwanza alisema ishirini. Ya pili akasema kumi na tano. Wiki ya sita alisema mia moja, nami nikampongeza mbele ya mamake na kumpa nauli. Siku nyingi baadaye nilikifungua kile kitabu nikakuta kipande cha gazeti alichokuwa akitumia kuweka alama. Kilikuwa ukurasa wa 38. Kijana alikuwa amejifunza kudanganya, na mwalimu wake nilikuwa mimi.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kila kitu chenye jalada na kurasa husomwa namna moja. Vitabu hivi vina nasaba yao. Mnamo 1959 Mmarekani Howard Tremaine alichapisha kitabu kiitwacho The Audio Cyclopedia, ambacho mafundi wa studio, redio na sinema walikitegemea kwa miaka mingi. Tremaine hakusimulia. Aliandika swali, akalipa nambari, akaweka jibu lake chini. Kisha swali lingine, na jibu lingine, mpaka yakawa maelfu. Kile cha Ballou kilikuja kuchukua nafasi hiyo mwaka 1987, na jalada lenyewe lilijinadi kuwa ndiyo Audio Cyclopedia mpya. Maswali yaliondolewa, zikawekwa sura zilizoandikwa na wataalamu mbalimbali, kila mmoja na eneo lake. Toleo la tano lilitoka mwaka 2015. Lakini mifupa ni ile ile: ni majibu yaliyokaa yakimngoja mwenye swali. Anayeanza ukurasa wa kwanza akitaka kufika wa mwisho ni kama mtu anayesoma kamusi kuanzia A ili ajue Kiswahili. (Mwalimu wangu wa darasa la saba alidai amefanya hivyo. Sikuwahi kumwamini.)

Kilichobadilisha mambo ni mazishi. Tulikuwa Machakos kumzika jamaa wa jirani yetu, na yule mzee ndiye aliyekodiwa kuleta spika. Watu walikuwa wengi, hema mbili zimejaa. Mjane aliposimama kuzungumza sauti yake ilikuwa ndogo mno. Aliishika maikrofoni chini, karibu na kifua, kama mtu aliyeshika mshumaa. Mzee akapandisha sauti ili mama asikike, na spika zikapiga mayowe, ule mlio mkali unaochoma masikio. Mama wa watu akashtuka, akanyamaza. Akaanza tena, zikalia tena. Mara ya tatu alimrudishia mshereheshaji maikrofoni, akaketi. Maneno aliyokuwa nayo juu ya mumewe hatukuyasikia mpaka leo.

Usiku huo mpwa wangu alikuja kwangu bila kuitwa, kitabu amekikumbatia. "Mjomba," akasema, "hiki kitabu kinaweza kutuambia ni kwa nini zililia?"

Miezi yote ile hakuwahi kuniuliza swali. Tulikifungua kwa nyuma, kwenye faharasa, tukatafuta, tukapelekwa kwenye kurasa chache katikati ya kitabu. Nusu yake ilikuwa hesabu iliyotushinda sote wawili. Nusu nyingine tuliielewa, nayo ilitosha.

Mlio ule hutokea hivi. Maikrofoni huisikia sauti ya mtu na kuipeleka kwa amplifaya, kisha spika huitoa ikiwa kubwa. Sasa maikrofoni haichagui. Husikia pia ile sauti inayotoka kwa spika, nayo huirudisha tena kwa amplifaya. Sauti ikizunguka hivyo, na kila ikirudi inarudi kubwa kuliko ilivyotoka, basi mayowe hayaepukiki. Dawa yake ni kuifanya maikrofoni isikie mdomo zaidi na isikie spika kidogo. Na hapa ndipo kitabu kina hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuibeba kichwani: mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Igeuze sasa. Mjane aliishika maikrofoni kama sentimita 40 kutoka mdomoni. Angeisogeza hadi 20, angepata nyongeza ya desibeli 6. Angeifikisha 10, angepata 12, na desibeli 12 ni sawa na nguvu mara 16 hivi. Mzee alizitafuta hizo desibeli kwenye kitufe cha miksa, akazipata pamoja na mayowe, ilhali zilikuwa pale bure. Ilihitajika tu kijana mwenye adabu amwendee mama yule, amwambie "pole mama," na kumwinulia mkono.

Kesho yake alifunga spika moja na maikrofoni moja uani kwa mamake, akawa anapima kwa rula ya shule. Majirani walikereka kidogo. Lakini jioni alikuwa amethibitisha mambo manne ambayo hakuna wa kumnyang'anya. Kwamba umbali wa mdomo ni mali. Kwamba spika zikae mbele ya maikrofoni, kuelekea wasikilizaji, wala si nyuma ya msemaji. Kwamba maikrofoni nyingi za jukwaani zimeundwa kusikia kwa mbele na kufanya kiziwi kwa nyuma, na ukikifumba kichwa chake kwa kiganja, kama wapendavyo vijana wa kufoka, uziwi huo hutoweka na spika hulia upesi. La nne aliliona kwenye kitabu kwanza, kisha akaazima maikrofoni zaidi ili alijaribu: kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi inapozidishwa mara mbili, hupotea desibeli 3 za usalama. Kwaya iliyowekewa maikrofoni nne zote zikiwa wazi iko karibu na mayowe kwa desibeli 6 kuliko yenye moja. Mafundi wengi wa kanisani hufungua zote tangu sala ya kwanza hadi ya mwisho, kisha hulaumu mitambo.

Tangu siku hiyo sikumwuliza tena habari za kurasa. Nilimnunulia daftari la kawaida la shule. Juu ya ukurasa huandika swali aliloletewa na kazi, chini yake huandika yeye anadhani jibu ni nini, kisha hufungua kitabu, kisha hujaribu kwa mikono, na mwisho huandika sikio lilisema nini. Hiyo sehemu ya kudhania kwanza ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida. Aliyekosea kwa maandishi yake mwenyewe hasahau.

Swali la pili katika daftari hilo lilitoka kanisani. Wazee wa kanisa moja walitaka kuchangisha pesa ili wanunue amplifaya ya wati 400, kwa kuwa ile ya 200 haikuwafikia watu wa nyuma. Mpwa wangu akadhani, kama ambavyo ningedhani mimi na kama ambavyo pengine unadhani wewe, kwamba wati mara mbili ni sauti mara mbili. Kitabu kikamkatalia. Kutoka wati 200 hadi 400 ni desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona lakini halishtuki. Ili sikio liseme kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu huhitajika takriban desibeli 10, na desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Wangehitaji wati 2,000, na spika za kuhimili nguvu hiyo.

Wanafunzi mnaouliza kila mwaka zile logarithimu zitawafaa nini maishani, hili ni jibu mojawapo. Desibeli ni logarithimu iliyovaa nguo za kazi. Asiyezielewa atauziwa amplifaya kila baada ya miaka miwili.

Taabu ya kanisa lile haikuwa nguvu. Spika zilikuwa sakafuni. Mtu wa safu ya kwanza alikuwa mita 2 kutoka spika, wa mwisho mita 16. Hesabu: 2 hadi 4, 4 hadi 8, 8 hadi 16, umbali umeongezeka maradufu mara tatu. Kama ingekuwa uwanjani, wa nyuma angepata sauti iliyopungua kwa desibeli 18. Ndani ya jumba kuta na mabati hurudisha sehemu ya sauti, kwa hiyo pengo hupungua kiasi, lakini kile kinachorudishwa ni mwangwi, nao huyatia maneno ukungu. Isitoshe, miili ya waliokaa mbele huzinyonya na kuzizuia zile sauti nyembamba zinazotofautisha "s" na "f". Kijana aliwaomba wajaribu kuziinua spika juu ya vichwa vya watu na kuzielekeza nyuma. Umbali wa wa mbele uliongezeka, wa nyuma ukabaki karibu ule ule, na tofauti ikapungua. Walinunua vyuma viwili vya kuzisimamisha. Pesa zilizobaki waliezekea choo.

Hadi hapo kitabu kilikuwa rafiki. Sasa nataka kuzungumzia mahali ambapo kitabu kinaweza kukuua, na naomba wazazi wasiruke sehemu hii.

Vitabu vingi vya taaluma hii vimeandikwa Marekani. Umeme wa kwao ni volti 120, wa kwetu ni 240. Mkondo wao hutetema mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50, kwa hiyo kitabu kikikwambia mvumo wa umeme utauona kwenye 60, wewe utafute 50, na jamaa yake 100. Hilo ni dogo. Kubwa ni rangi. Katika nyaya za nyumba za Marekani, waya mweusi ndio wenye moto, mweupe ndio wa kurudisha, na wa kijani ni wa ardhi. Hapa kwetu, tuliofuata Waingereza, nyumba za zamani zina waya mwekundu wenye moto, na mweusi ndio wa kurudisha. Kamba za vyombo zina kahawia wenye moto, samawati wa kurudisha, na kijani chenye manjano wa ardhi. Kijana anayefuata mchoro wa Kimarekani kwa uaminifu, akaamini kwamba rangi fulani haina moto, anaweza kuaga dunia na kitabu kikiwa wazi mbele yake. Sura za umeme zisome kwa ajili ya akili, lakini kwa kazi ya mikono mwite fundi wa umeme aliyesajiliwa.

Tena kuna ule waya wa ardhi. Mitambo ikivuma, mafundi wa mtaani wana dawa ya haraka: hufungua plagi na kuukata waya wa kijani na manjano. Mvumo huisha kweli. Kinachobaki ni chombo cha chuma kisicho na njia ya kuupeleka umeme ardhini siku waya wa ndani utakapochubuka. Siku hiyo njia itakuwa ni mwili wa anayeimba. Mwaka 1972 mpiga gita wa Scotland, Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows, alishika maikrofoni ambayo haikuwa na ardhi ya kuaminika akiwa jukwaani mjini Swansea, huko Wales. Alikufa kwa umeme, mbele ya waliokuja kumsikiliza.

Mzee wa mpwa wangu alikuwa na plagi tatu zilizokatwa hivyo. Kijana alipozigundua alimwambia, kwa upole kadiri alivyoweza, kwamba kitabu kinakataza. Mzee akamwuliza kama kitabu ndicho kinachomlipa. Akamwambia arudi nyumbani. Kwa wiki tatu kijana hakuwa na kazi, na dada yangu alinipigia simu kunilaumu: mtoto alikuwa akipata riziki yake ndogo mpaka nilipomletea vitabu. Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia tu kwamba ni heri akae nyumbani akiwa hai.

Kilichomrudisha kazini hakikuwa mimi. Alitumia zile wiki tatu kutafuta mvumo hutoka wapi, kwa sababu kumkataza mtu dawa yake bila kumpa nyingine ni ufidhuli. Akapata kwamba mara nyingi vyombo viwili huchomekwa kwenye soketi mbili zilizo mbali, kila kimoja na ardhi yake, kisha huunganishwa tena kwa waya wa sauti. Hapo hutokea mzunguko, na umeme mdogo unaotembea ndani yake ndio unaovuma. Suluhisho la kwanza halina gharama: vyombo vyote vya jukwaani na miksa vipate umeme kutoka mahali pamoja, mradi soketi hiyo isizidiwe. Suluhisho la pili ni nyaya zenye njia mbili za sauti na ganda la kinga, zile za plagi ya pini tatu. La tatu ni kile kisanduku cha DI chenye transfoma, ambacho hupitisha sauti bila kuunganisha ardhi hizo mbili, na kitufe chake cha kutenganisha ardhi hukata ile ya waya wa sauti tu, si ile ya umeme. Alimpelekea mzee maelezo hayo, wakayajaribu kwenye harusi, mvumo ukaisha na plagi zote zikiwa na nyaya tatu. Mzee hakusema samahani. Alisema, "Kesho uje mapema, tuna mazishi Kangundo." Katika hali ilivyokuwa, hiyo ni samahani kubwa.

Nisimdhulumu mzee huyo, maana amemfunza kijana mambo mengi ambayo Ballou na wenziwe hawana nafasi nayo. Jinsi ya kukunja waya kwa kupishanisha mizunguko ili usijipinde ndani. Jinsi ya kujua kwa kutazama mawingu kwamba hema litavuja upande gani. Jinsi ya kumnyamazisha mshereheshaji mlevi bila kumwaibisha. Kijana amepata bahati ya walimu wawili, mmoja wa karatasi na mmoja wa jasho.

Vitabu navyo huzeeka, na hapa mwanafunzi awe macho. Angalia mwaka wa kuchapishwa kabla ya kulipa. Katika matoleo ya miaka ya themanini utakuta kurasa nyingi za kanda za sumaku, namna ya kuzikata kwa wembe na kuzirekebisha vichwa. Zisome kama historia. Hata mambo madogo hubadilika. Ile plagi ya pini tatu ya maikrofoni ilikuwa na mzozo: baadhi ya vyombo vya zamani vilitumia pini ya 3 kama chanya, vingine ya 2. Chama cha wahandisi wa sauti, AES, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1948, kiliweka kiwango mwaka 1992 kwamba ni pini ya 2. Lakini sura za desibeli, za maikrofoni, za sauti ndani ya chumba na za sikio la binadamu hazijaoza, kwa sababu hewa haijabadilika.

Wala si lazima uanze na mzee wa kurasa 1,500. Anayeshughulikia kanisa, mikutano au bendi atafaidika zaidi na kile kilichoandikwa na Gary Davis na Ralph Jones kwa ajili ya Yamaha, Sound Reinforcement Handbook, ambacho toleo lake la pili ni la 1989. Kimeandikwa kwa mtu anayebeba spika mwenyewe. Mwenye kurekodi muziki chumbani atafute Mixing Secrets for the Small Studio cha Mike Senior, cha mwaka 2011. Na anayetaka kukifanya chumba kiwe studio asome F. Alton Everest, Master Handbook of Acoustics, kilichotoka kwanza 1981. Huenda kitamwokoa na zile trei za mayai ambazo vijana wetu hubandika ukutani. Trei za mayai hazizuii sauti isitoke nje. Hupunguza kidogo zile sauti nyembamba tu, na besi hupita kana kwamba hakuna kitu. Wimbi la sauti inayotetema mara 100 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 3 na nusu. Haliwezi kuzuiwa na karatasi ya unene wa kidole. Godoro kuukuu na mablanketi mazito yaliyoning'inizwa mbali kidogo na ukuta yatafanya zaidi.

Mtasema, mbona asitazame video kwenye simu? Atazame, mpwa wangu hutazama. Tofauti ni kwamba video hukuonyesha fulani alifanya nini kwa spika zake na chumba chake. Kitabu kizuri hukueleza ni kwa nini, hata ukihamia chumba kingine ujue la kubadilisha.

Na kuna somo moja ambalo vitabu vyenyewe hukiri haviwezi kulimaliza, nalo ni sikio. Sikio hudanganya. Ukilinganisha sauti mbili, ile iliyo kubwa kidogo utaiona ndiyo nzuri, hata kama hakuna tofauti nyingine. Kwa hiyo zisawazishe kwanza ndipo uhukumu. Tena, kama walivyoonyesha Fletcher na Munson wa maabara ya Bell mwaka 1933, sikio husikia besi vibaya sauti inapokuwa ndogo. Mwanafunzi anayechanganya muziki usiku hosteli, sauti ya chini ili asiwaamshe wenzake, ataongeza besi mpaka aridhike. Mchana wimbo huo ukipigwa ndani ya matatu, madirisha yanatetemeka. Na sikio huisha. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, hupendekeza desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda ukatwe nusu. Kwa desibeli 94 una saa moja. Kwa 100 una dakika 15. Dada yangu, niliyemsumbua kwa mengi, ndiye aliyemnunulia kijana vizibo vya masikio, na hamruhusu kutoka bila kumwonyesha kwamba viko mfukoni.

Basi kijana uliyeniandikia, swali lako ni kama kuna aliyewahi kuwa fundi kwa vitabu peke yake. Peke yake, sijamwona. Cheti pia kitabu hakikupi, na wapo waajiri watakaokidai. Ukipata nafasi KIMC au chuo kingine chenye studio, nenda. Lakini hicho kitabu usikiuze, ila mwambie babako ukweli leo, kabla hajausikia kwa mwingine. Mimi ninajua jinsi uongo mdogo wa kurasa unavyoanza.

Kisha achana na ukurasa wa 64. Chukua daftari, uandike mvumo wa spika zako. Andika unadhani unatoka wapi. Halafu, spika zikiwa zinavuma, ichomoe chaja ya laptopu, uiache itumie betri, usikilize. Mvumo ukitoweka, njia ya kuujua umeshaishika: fungua faharasa, tafuta chini ya herufi H neno hum, usome kurasa zile tu inazokutajia. Usipotoweka, chomoa waya wa sauti kutoka kwa laptopu na usikilize tena, kisha uandike. Na plagi usiifungue. Nitumie ulichoandika, hata kama ni nusu ukurasa, nami nitampa mpwa wangu akusomee. Siku hizi yeye ndiye hunisahihisha.